Vakanse ya Kirotshe

Mimi sijui kupumzika, na hoteli hii inanipa shida kwa sababu hapa hakuna kazi nyingine. Kitanda chake kinatosha watu wanne wa kwetu. Kila nikirudi chumbani nakuta taulo limekunjwa umbo la bata, nami naona haya kulikunjua maana kuna mtu amehangaika nalo. Ufukwe unafagiliwa kabla hatujaamka. Na mbele kidogo tu ya bahari, bahari yote ile, wamechimba bwawa la kuogelea, na wageni wamejilaza kulizunguka huku wameipa bahari mgongo.

Mume wangu, Dezire, ndiye aliyenileta. Tulikuwa tumemzika nyanya yangu, matanga yalikuwa yamekwisha, na akasema nisipoondolewa kwenye masufuria nitaanguka. Alikuwa na haki. Lakini tangu tufike naamka, nakaa, nasimama, naenda kuangalia maji, narudi.

"Ikaa basi chini," aliniambia jana. "Uko unazunguka sawa mutu mwenye alipoteza ufunguo. Si tulikuya kupumuzika?"

"Niko napumuzika," nilimjibu, na nilikuwa nimesimama.

Asubuhi ya leo mezani walikuwa wameweka jagi la maziwa ubavuni mwa sahani ya samaki. Kwa wageni wengine ilikuwa meza tu. Mimi nilinyoosha mkono, nikaurudisha, nikanyoosha tena, mpaka kijana wa kuhudumia akauliza kama nahitaji msaada. Nikaacha chai, nikatoka nje kuzunguka, na nyuma ya jiko nikakutana na harufu. Wapishi walikuwa wameanika dagaa wao juu ya wavu, wale wa kula wenyewe, siyo wale samaki wakubwa wenye limau tunaopewa sisi. Nilisimama pale juani nikinusa. Nilikuwa tena mtoto, Kirotshe.

Kwetu ni Kirolirwe, katika Masisi, kwenye milima ya nyasi na ng'ombe. Wa rika langu mnaotoka upande huo mnajua baridi ya kule asubuhi, na mnajua joto la povu la maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi. Nyumbani kwetu mkubwa wa maziwa alikuwa nyanya yangu huyu tuliyemzika, mama yake Papa, ambaye sisi wote tulimwita Tate. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ndogo, na hakuna aliyembishia. Jioni hakula chakula. Alikaa kwenye kigoda chake karibu na moto, akashika kikombe chake cha mti kwa mikono miwili, akanywa maziwa polepole mpaka mwisho, na muda wote huo hakuongea na mtu. Sijaona mtu anayetulia namna ile tena.

Kwa Tate, samaki na maziwa havikai tumbo moja. Aliyekula samaki hagusi maziwa ya zizi, hashiki hata kibuyu chake. Akivunja hilo, chuchu za ng'ombe zinapasuka, maziwa yanatoka na damu, na mwisho ng'ombe anakufa. Si watu wote wa mlima waliofuata hayo. Jirani zetu wakulima walinunua samaki wakavu siku ya soko, wakala, wakalala salama. Mama yangu alizaliwa kwa hao wakulima, na alikula samaki kama wenzake hadi siku alipoolewa. Tangu hapo hakugusa tena, lakini sifa ilibaki. Ng'ombe akikohoa, shangazi zangu walimwangalia Mama.

Mwaka huo nilikuwa na mapengo mbele, na Mama alikuwa na mimba kubwa. Siku moja muuguzi wa kituo chetu cha afya alimgusa tumbo, akamgusa tena, akamwita Papa pembeni. Papa aliporudi nyumbani alinikuta nalia kwa sababu nilimwona anafunga nguo za Mama katika mfuko. Akachuchumaa mbele yangu.

"Usilie, Neema. Tunaenda vakanse."

"Vakanse wapi?"

"Ku ziwa. Kirotshe."

Nikanyamaza papo hapo. Vakanse, yaani likizo, nililijua neno hilo kutoka kwa watoto wa mwalimu wetu, waliokwenda Goma na kurudi na viatu. Nilikimbia kuwaambia wote waliokuwa njiani, hata wasioniuliza, kwamba sisi tunaenda vakanse ku ziwa, na nilishangaa wakubwa waliponiangalia kwa huruma. Nilidhani ni wivu.

Tuliteremka katika Fuso la mfanyabiashara mmoja wa Butembo, Papa Kambale, aliyekuwa akinunua kabichi na fromaji, jibini letu, kwetu. Alikuwa na rozari imening'inia kwenye kioo. Alimpa Mama nafasi ya mbele, akamwekea blanketi mgongoni.

"Shikilia hapa, Mama. Nitaendesha polepole sawa niko nabeba mayai."

Sisi wengine tulipanda juu ya kabichi. Tate alikuja pia, ingawa Papa alimwomba abaki. Alibeba bidoni, dumu la maziwa, mapajani, akaikumbatia njia nzima, kila shimo la barabara, na kule chini Mama alipopiga kelele ya uchungu, Tate aliikaza mikono zaidi. Mimi nilikuwa naimba.

Pale Kirotshe tulipangishwa kwa mama mmoja wa ziwani, Mama Furaha, mjane mnene mwenye kicheko, aliyekausha sambaza, samaki wadogo wa ziwa Kivu, akawauza.

"Karibuni. Nyumba iko kidogo, lakini ziwa iko kubwa," alisema.

Nyumba kweli ilikuwa ndogo. Sisi tulipewa upande wa nje, chini ya bashi, turubai la plastiki lililofungwa kwa kamba kati ya ukuta na mti wa avoka. Hapa hotelini kuna karatasi inayoniuliza kama nataka mto laini au mgumu. Kule mto wangu ulikuwa mguu wa Tate. Mvua ilipokuja ilikuja kutoka ziwani kwa ubavu, ikatuloweka na bashi letu likiwa juu. Tuliogea ziwani, kwenye mawe yenye utelezi, katika maji baridi yaliyonikata pumzi, na Mama Furaha alinifundisha kujishika kwenye jiwe na kupiga miguu. Nilichubuka magoti yote mawili. Kila siku nilitaka zaidi. Nikilinganisha na bwawa hili la bluu ambalo mtoto wa mgeni mwenzangu alilia jana kwa sababu maji yamepoa kidogo, najikuta nacheka peke yangu, na Dezire anadhani hatimaye nimeanza kufurahi.

Na hospitali ya Kirotshe, alikolazwa Mama? Mimi niliona kwamba hospitali ndiyo hoteli. Ilikuwa na kuta nyeupe, vitanda vya chuma vyenye shuka, na Mama alikuwa analala pale mchana kutwa, yeye ambaye nyumbani sikuwahi kumwona amelala jua likiwa juu. Walimfanyia operesheni, wakamtoa mtoto wa kiume. Nilipoingizwa kumwona nilimwonea Mama wivu. Nilimuuliza kama naweza kupanda kitandani na mimi nipumzike kidogo. Alicheka, kisha akashika tumbo lake, na machozi yakamtoka. Nilijua tu kwamba nimesema jambo baya, lakini sikujua lipi.

Kwenye hospitali zetu mgonjwa anapikiwa na watu wake. Uani palikuwa na mafiga, na kila familia ina moto wake, sufuria yake na mlinzi wake wa mgonjwa. Tate ndiye alikuwa mlinzi wa Mama. Alipika maharagi, akapika ugali, akapika maharagi tena. Bidoni ya maziwa ya Kirolirwe iliganda siku zile zile za kwanza, na hata kabla haijaganda muuguzi alikuwa amekataza asipewe mtoto.

"Maziwa ya ng'ombe iko nguvu sana kwa tumbo yake, Tate. Huyu anataka ya mama yake."

Lakini ya mama yake hayakuwepo. Mama alikuwa amepoteza damu, amekonda, na kifua chake kilikuwa kikavu. Mtoto alinyonya, akaacha, akalia. Walimpima kwenye mizani, wakampima tena, na kila mara muuguzi alikunja uso. Maziwa ya boksi yalikuwa yamekwisha, na barabara ya kwenda kuyatafuta ilikuwa imefungwa kwa mambo ambayo wakubwa waliyasema kwa sauti ya chini. Nilifikiri mtoto analia kwa sababu hapendi vakanse. Nilimwambia Papa tumrudishe nyumbani kwenye ng'ombe, mimi nitabaki na Mama Furaha.

Kisha mtoto akaacha kulia. Hilo lilinifurahisha. Alikuwa anafungua mdomo tu, na inatoka sauti ndogo kama ya mlango unaosukumwa na upepo. Wanawake wa vitanda vingine waliacha kuongea kila alipofungua mdomo, na Mama Furaha, aliyekuja kila siku na kicheko chake, siku hiyo alikuja bila kicheko.

"Mama, mutoto amepungua tena," muuguzi alimwambia Mama. "Unapaswa kula vizuri. Kunywa supu ya sambaza. Iko hapa, iko mingi, njo itakurudishia nguvu na maziwa."

"Nitakula maharagi," Mama alisema.

"Maharagi unaikula tangu ulifika," Mama Furaha akaingilia. "Na maziwa iko wapi?"

Mama aligeukia ukuta. Hakuna siku aliyosema kwamba anaamini habari ya chuchu kupasuka. Nadhani hakuiamini kabisa. Lakini Papa alipoingia, Mama aligeuka, na mimi niliyekuwa chini ya kitanda nikicheza na kizibo nilisikia yote.

"Papa Neema, weye sema. Nikule ao nisikule?"

"Muganga anajua kazi yake," Papa alisema.

"Sikuuliza muganga. Niliuliza weye."

Papa aliangalia viatu vyake.

"Unaona?" Mama alisema, na sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa imechoka tu. "Ngombe ikikufa huu mwaka, ao ule mwaka mwingine, dada zako watasema njo mimi niliiua. Watasema mbele ya batoto wangu. Na weye utanyamaza sawa vile unanyamaza sasa. Nitaenda wapi mimi?"

Nampenda baba yangu, lakini mpaka leo nikikumbuka ule ukimya nataka kumtikisa mabega.

Mlangoni alikuwa amesimama Tate na sufuria ya maharagi. Sijui alikuwa amesimama tangu lini. Aliiweka sufuria chini, akatoka.

Siku hiyo alitembea ukingo wa ziwa mpaka nikachoka kumfuata. Alikwenda hadi kwenye mitumbwi, akarudi hadi kwenye mti wa avoka, akaenda tena. Kila alipopita mbele ya nyavu za Mama Furaha, ambapo sambaza walitandazwa wakimeta juani, aliziba pua kwa kitenge. Mimi nilikuwa na sambaza mmoja mfukoni. Mama Furaha alikuwa amenipa siku nyingi nyuma, nami, kwa kuogopa kumla na kuogopa kumtupa, nilikuwa nimemhifadhi tu mpaka gauni langu lote likanuka. Tate alisimama ghafla, akanusa, akaniita. Akaingiza vidole mfukoni mwangu, akamtoa. Nilifunga macho nikingoja kofi.

Kofi halikuja. Nilipofungua macho alikuwa amemweka yule samaki kwenye kiganja na anamwangalia, kadogo vile, na macho yake meupe makavu.

"Hii njo inawashinda watu wazima wote hawa?" alisema. Hakuwa ananiuliza mimi.

Akaenda moja kwa moja kwa Mama Furaha.

"Nipatie."

"Nikupatie nini, Tate?"

"Ile bitu yenu ya ziwa. Pika na supu. Pika mingi."

Mama Furaha alipika uani, kwenye mafiga yetu, na Tate alisimama juu yake kama anayechunga asiibiwe. Ilipoiva akaomba sahani mbili. Moja akanipa nibebe. Nyingine akaishika mwenyewe, akaingia wodini, akaketi sakafuni katikati ya vitanda, mahali ambapo kila mtu angemwona. Papa alikuwepo. Shangazi yangu mkubwa, aliyekuwa ameteremka kutoka mlimani kumwona mtoto, alikuwepo pia.

Tate akachukua sambaza mmoja kwa vidole, na kichwa chake na macho yake, akamtia mdomoni. Akatafuna. Koo lake lilikataa. Niliona linapanda na kushuka, na akaziba mdomo kwa kiganja, na machozi yakajaa. Akameza. Akachukua wa pili.

"Mama, hapana!" Mama alijaribu kuinuka kitandani. "Mama, acha! Mimi nitakula, acha!"

"Nyamaza," Tate alisema. "Mu ile nyumba kule juu, mukubwa ni nani?"

Shangazi aliinamisha macho.

"Niliuliza."

"Ni weye, Mama," Papa alisema.

"Basi. Mu nyumba yangu, mwenye alikula samaki ni mimi. Mumeona wote." Alimwangalia shangazi, akamwangalia sana. "Huyu anakunywa dawa ya lopitali. Dawa haina mwiko. Ngombe ikikohoa, ikivunjika muguu, ikikufa na uzee, mukuye muniulize mimi. Neema, patia mama yako dawa."

Nikampelekea Mama sahani. Alikunywa analia, supu na machozi, akamaliza, akaomba nyingine. Na Tate pale sakafuni aliendelea kula, mmoja mmoja, mpaka sahani yake ikawa nyeupe, ili pasiwe na mtu wa kusema kwamba alionja tu.

Mimi nilikaa pembeni nikidhani ni karamu. Nilifurahi kwamba hatimaye hata Tate amekuwa mtu wa vakanse. Nilimuuliza jioni kama samaki alikuwa mtamu.

"Inanuka sawa sokisi ya baba yako," alisema.

Maziwa ya Mama yalirudi. Hayakurudi kwa miujiza. Yalirudi kidogo kidogo, kwanza tone, kisha shati limeloa, na siku moja mtoto alilia kwa nguvu mpaka wodi nzima ikapiga makofi. Sijui kama ni sambaza, au ni kwamba Mama alikuwa ameacha kuogopa. Nimezaa mara tatu na bado sijui. Mtoto akaitwa Shukuru. Siku tulipoondoka Kirotshe ni mimi niliyelia peke yangu, nimeshikilia mti wa avoka, kwa sababu vakanse yangu ilikuwa imekwisha na hakuna mtu aliyenisikitikia.

Nyumbani, jioni ya kwanza, Papa alikamua, akamimina katika kile kikombe cha mti, akampelekea Tate kama siku zote. Tate hakukinyooshea mkono.

"Nilikula samaki," alisema.

"Mama, ile ilikuwa..."

"Nilikula. Watu waliona."

Mama alinyonyesha mtoto na akanywa maziwa kila siku, Tate mwenyewe akimsimamia amalize, na shangazi hawakuweza kusema neno. Tate akaanza kula viazi jioni. Hakukaa tena kwenye kigoda chake wakati sisi tunakunywa. Alitoka nje, akazunguka zizi, akakagua kamba zisizo na shida, akarudi vikombe vikiwa vimeoshwa. Nilidhani ziwa limemharibu, kwamba ameonja vitu vya wenzetu na sasa anayadharau maziwa yetu. Watu husema miguu yangu isiyotulia nimemrithi yeye. Hawakumwona zamani, karibu na moto, na kikombe mikononi. Nikimfikiria inaniuma, na kunikalisha kwenye viti vya ufukweni hakusaidii.

Shukuru aliota meno, akatembea, akaacha kunyonya. Jioni hiyo Papa alivaa shati safi. Alikamua ng'ombe mzuri kuliko wote, akajaza kile kikombe mpaka povu likapita ukingo, akapiga magoti mbele ya mama yake, Mama akiwa nyuma yake amembeba mtoto mgongoni.

"Mutoto ameacha ziwa, Mama. Imeisha sasa. Kunywa."

Tate alikipokea. Alikishika kwa mikono miwili, akakileta karibu na uso, akafunga macho, akanusa muda mrefu sana. Nje ng'ombe walikuwa wanahema. Halafu akafungua macho, akamtazama Mama, akatabasamu.

"Hakuna hata ngombe moja ilikufa," alisema. "Nisiharibu."

Akageuka, akanipa mimi kikombe. Nikanywa yote, nikalamba na povu.